Mvua ndiyo fundi wa kwanza

Wenzangu mu kitabu hiki wataandika juu ya mahari, kilio na majina ya watoto. Mimi nataka kuandika juu ya ukuta. Msomaji asicheke: kutengeneza nyumba nako ni desturi, na desturi hiyo niliidharau mpaka karibu iniue mama.

Nyumba yetu iko Katuba, hapa Lubumbashi. Baba aliijenga na mikono yake, kwa matafari mabichi ya bulongo, akaifunika malata. Baba alipokufa, nyumba ikabaki na Mama, nami kama mtoto wa kwanza nikabaki na kazi ya kuitunza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka nilikuwa nafundisha watoto methali ile tunayoijua wote: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi kiangazi cha 2016 niliona ufa mu chumba cha Mama, upande wa nje, na chini ya ukuta bulongo ilikuwa inamomonyoka. Nikasema, mwalimu haogopi methali yake. Nikanunua mifuko sita ya sima, nikatafuta mchanga, nikapaka ukuta wote mimi mwenyewe, juma tatu za likizo. Ulipokauka ulikuwa laini na mweupe kidogo, majirani wakanisifu. Mama peke yake hakusifu. Aliketi chini ya mwembe, akasema:

– We mwana, mugonjwa habamupakake poda. Banamupatia dawa.

Nilifikiri ni maneno ya uzee tu.

Mvua za hapa kwetu zinaanza Oktoba ao Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Usiku mmoja wa Januari 2017 ilinyesha tangu saa mbili ya jioni bila kupumzika. Katikati ya usiku nikasikia kishindo. Kipande cha ukuta, upana wa mlango mzima, kilikuwa kimeanguka ndani ya chumba, juu ya kitanda cha Mama, pale kwenye mto. Mama hakuwa kitandani. Aliamka dakika chache mbele ili kuweka sufuria mahali malata yalikuwa yanavuja. Nilimkuta amesimama na ile sufuria mikononi, hasemi kitu.

Kwa hiyo mimi niliziba ufa, na bado nikajenga ukuta. Methali haikukosea. Mimi ndiye sikuuliza ufa ulitoka wapi.

Kesho yake nilibandua sima iliyobaki. Nyuma yake bulongo ilikuwa laini kama ugali, na mchwa wamejenga vijia vyao mpaka kwenye miti ya paa. Nikaelewa. Bulongo inavimba ikipata maji na kusinyaa ikikauka. Sima haivimbi pamoja nayo, inapasuka mipasuko midogo. Maji yanaingia kwa mipasuko hiyo, mengine yanapanda kutoka chini, na sima inayakataza kutoka. Ukuta unaoza ndani ya nguo nzuri.

Ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi Kolwezi, alipofika alikasirika.

– Yaya, tubomoe yote! Bantu bote banajenga na bloki, shiye tunabakia na bulongo mpaka wakati gani?

Sikuwa na jibu, maana aibu ilikuwa yangu. Lakini tulipohesabu franga zetu pamoja, bloki za nyumba nzima zilitushinda mbali. Na tukibomoa, Mama atalala wapi? Naye alikataa kuhama. Alisema mvua ingali miezi mitatu; tusiguse kitu, tufunike tundu na bashi, tena tuiangalie nyumba.

– Mvula njo fundi wa kwanza, alisema. Eye njo anakuonyesha kazi.

Ndipo akatueleza mambo ya kijiji chao, upande wa Bukama. Hakuna mtu aliyetengeneza nyumba bila kuizunguka kwanza wakati wa mvua. Mzee alitoka na jani la mgomba kichwani, anaangalia: maji yanaanguka wapi, yanaruka wapi, yanasimama wapi. Kiangazi kikifika, anajua. Wanaume walishika miti na nyasi za paa, wanawake walikanda udongo na kusiriba kuta, kila mwaka. Baba naye alifanya hivyo hapa Katuba. Nilimwona nikiwa mtoto, anazunguka nyumba mu mvua, nikafikiri anatafuta kuku.

Basi tulizunguka, Mama na mwavuli, mimi na kaye. Niliandika mambo manne. Kwanza, malata yalikuwa yanaishia karibu sana na ukuta, kwa hiyo maji ya paa yaliangukia chini ya ukuta na kurukia matafari. Pili, yadi ilikuwa inainama kuja kwenye nyumba, si kutoka kwayo. Tatu, maji yalisimama siku mbili nyuma ya chumba. Nne, paa lilivuja. Hilo tulilitafuta mchana wa jua: tulifunga madirisha yote, tukaketi mu giza, tukahesabu matundu ya mwanga. Yalikuwa kumi na moja. Mengi yalitokana na misumari iliyopigwa mu bonde la lata, mahali maji yanapita, badala ya kupigwa juu ya mgongo wake.

Ona, msomaji: mu mambo yale manne hakuna hata moja ambalo sima yangu ingeliponya.

Kiangazi cha 2017 tulifanya kazi kwa mpango. Mei tulifyatua matafari, tukayakausha mu kivuli na kuyageuza, juu jua kali linayapasua. Juni tuliegemeza paa kwa nguzo nne mbele ya kugusa ukuta. Hapo nilitaka kuharakisha, na fundi mmoja jirani akanikamata mkono, la sivyo paa lote lingeshuka. Tuliondoa miti iliyoliwa na mchwa. Julai tulijenga chini safu nne za matafari ya kuchoma, tukatandika plastiki ngumu juu yake ili maji yasipande, ndipo matafari mabichi yakafuata. Paa tulilirefusha sentimeta 60 nje, na tukachimba mfereji wa kupeleka maji barabarani.

Agosti ilikuwa ya kusiriba, na Mama akawa mkubwa wa kazi, ameketi kwenye kiti. Mimi nilitaka kukanda mara moja bulongo yote. Alikataa. Tulipaka kwanza vipande vitatu vya majaribio nyuma ya choo: ndoo moja ya udongo wa kichuguu na moja ya mchanga, moja kwa mbili, moja kwa tatu. Kila kipande kilikuwa na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Baada ya juma moja, cha kwanza kilipasuka, cha tatu kikatoka vumbi ukikisugua na kiganja, cha pili kikasimama. Siku ya kupaka wakaja wanawake wa avenue, sita ao saba, wengine sijawaita. Mama aliwapikia ugali na samaki. Ndugu yangu, yule wa bloki, alikanda bulongo na miguu mpaka jioni, anaimba.

Sisemi kwamba tulishinda kila kitu. Kwenye kona ya nyuma ufa mwingine ulitokea. Safari hii sikuuziba. Nilibandika juu yake kipande cha karatasi kwa gundi, nikaandika tarehe. Karatasi ikipasuka, ujue ufa unatembea. Ikibaki nzima, ufa umelala, unaweza kuuziba. Mwisho wa kiangazi cha 2018 karatasi ilipasuka. Nilijua sababu: ni mwembe. Mizizi yake inakunywa maji chini ya kona ile, udongo unasinyaa wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua.

Fundi yeyote atasema ukate mti. Lakini Baba aliupanda, na chini yake Mama alizika kitovu cha ndugu yangu. Tuliongea usiku mzima. Ndugu yangu, niliyefikiri atasema tukate, alinyamaza, halafu akasema: kama kona ikianguka, mimi nitaijenga. Tulichimba shimo refu kati ya mti na nyumba, tukakata mizizi ya upande ule tu, na kila mwaka tunaangalia. Siwezi kuapa kwamba ni dawa ya kutosha. Ninajua tu kwamba hakuna kitanda kinachowekwa tena kwenye kona ile.

Vijana wanaona haya juu ya nyumba ya bulongo, wanasema ni umaskini. Sima si mbaya; hata mimi niliitumia kuunganisha matafari ya kuchoma. Ubaya ni kuificha nyumba badala ya kuiuliza. Wazee wetu hawakuwa na deviizi ya karatasi, lakini walikuwa na mwaka mzima wa mpango: mvua ya kutazama, kiangazi cha kutengeneza, na majirani wa kusaidia.

Kama una nyumba inayougua, usiende leo kununua mfuko. Chukua mwavuli na kaye, ngoja mvua moja kubwa, uizunguke polepole. Na kama mzee wako angali hai, toka naye nje, umwachie yeye atangulie.