Kuweka Pindo Kwenye Picha Bila Kumeza Watu

Leo tuache kodi za programu kidogo, tuzungumzie urembo. Wengi mnazijua fremu za maua zilizotengenezwa tayari: unachagua moja, unaibandika kwenye picha, kazi kwisha. Mimi sizipendi, na si kwa sababu ya ladha tu (ingawa ile mioyo ya waridi, jamani!). Nyingi hulazwa juu ya picha, zikafunika ukingo wote. Kama ukingoni kuna nyasi, hakuna hasara. Kwetu palikuwa na mtu.

Picha yenyewe ilipigwa kwa simu Desemba 2009, wajukuu tumejipanga mstari, nyanya katikati. Wa mwisho kulia ni binamu yangu, aliyefariki 2019. Hatuna picha nyingine aliyo pamoja na nyanya. Duka moja la picha lilituchapishia nakala yenye maua mazuri sana, na binamu amebaki bega. Nyanya aliisogeza karibu na macho, akauliza, "Na mwenzenu yuko wapi?"

Basi nikafungua GIMP, programu ya bure isiyohitaji intaneti kufanya kazi. Hesabu ni hii. Picha ina nukta 1600 kwa 1200, yaani umbo la 4 kwa 3. Karatasi ya inchi 6 kwa 4, ikichapishwa kwa nukta 300 kila inchi, inataka 1800 kwa 1200, umbo la 3 kwa 2. Hayalingani, ndiyo maana mashine ikiambiwa ijaze karatasi hukata vichwa au miguu.

Nikaipunguza picha hadi 1440 kwa 1080. Kisha nikaenda "Canvas Size", nikafungua ule mnyororo mdogo unaofunga upana na urefu pamoja, nikaandika 1800 kwa 1200, nikabofya "Center". Zikabaki nukta 180 kila ubavu, na 60 juu na chini, zote tupu. Hapo nikaongeza tabaka jipya, nikalishusha chini ya picha.

La kujaza nililipata kabatini kwa nyanya: kanga yake ya zamani. Nikaipiga picha upande wa pindo, nikakata kipande, nikakirudiarudia kuzunguka. Kanga imeshalijua jambo hili siku nyingi, pindo huuzunguka mji, haliuingii.

Usiweke mstari mwembamba ukingoni kabisa, kwa sababu mashine za dukani hukata milimita chache na mstari utatoka mnene huku, mwembamba kule. Kazi ihifadhi kwa XCF ili matabaka yabaki. JPEG itoe mara moja tu mwishoni, maana kila ukiihifadhi upya inapoteza kitu. Picha ya asili usiiguse.

Nilipompelekea nakala mpya, nyanya alihesabu vichwa kwa kidole kabla ya kusema lolote. Halafu akauliza kanga yake nimeiweka wapi.