Kodi ya Mlangoni Roma

Ukijaliwa kwenda kuhiji Roma, weka kando fedha ya kodi ya wageni. Tangu mwaka 2011 mji ule huitoza kwa kila mtu na kwa kila usiku, mwisho siku 10 mfululizo. Watoto wasiotimiza miaka 10 husamehewa. Tangu Oktoba 2023, katika hoteli ya nyota tatu, ni Euro 6.

Wazee wawili wa parokia yetu, mume na mkewe, waliuza ng'ombe wakaenda kwenye Jubilei ya 2025. Chumba walikwisha kulilipia tangu huku nyumbani. Walipofika, karani wa mapokezi akawadai tena Euro 84 kwa siku saba. Mzee akadhani anaibiwa, sauti ikapanda, mama akaona haya mbele ya watu. Mwisho wakatoa fedha waliyoitenga kwa safari ya Asizi. Asizi hawakuiona.

Karani yule hakuwa mwizi. Fedha ile ni ya mji, wala mwenye hoteli hana ruhusa ya kuisamehe, hata ukimwonyesha rozari. Mimi namlaumu wakala aliyewauzia safari, maana aliinyamazia kodi ili bei yake ionekane ndogo. Kabla hujampa mtu wa namna hiyo hata senti, mtake aandike: kodi ya mji imo au haimo?

Na ukiambiwa mapokezini, kwa tabasamu, kwamba kipo chumba kizuri zaidi, uliza bei yake kwanza. Akisema ni bure, aandike hivyo.