Peugeot Iliyonuka Gongo

Watoto wa Mwanjelwa, Mbeya, walikuwa wakiikimbilia Peugeot 404 ya fundi wangu wakiimba kwamba mlevi anapita. Haikuwa na moshi. Ilikuwa na harufu, tamu kidogo, ile unayoisikia ukipita uani kwa mpika gongo.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 17, nashika spana kwa mzee mmoja wa Kinyakyusa, hatua chache kutoka soko la Mwanjelwa lililokuja kuungua 2006. Petroli ilikuwa ya kibali. Foleni ilianza jioni, watu wakalala humo humo garini. Lakini kilichomuudhi mzee kuliko foleni ni bomba la TAZAMA, ambalo tangu 1968 linapeleka mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, likipitia huku kwetu. "Yanapita chini ya miguu yetu, na sisi tunasukuma," alisema. Yale yalikuwa mafuta ghafi wakati huo, yasingemfaa kitu. Nilimwambia hivyo mara moja tu.

Wazo la kuendesha gari kwa spiriti lilimjia kutoka kwa dereva wa lori aliyetoka Malawi. Huko, Dwangwa, kiwanda kilikuwa kimeanza 1982 kutoa spiriti ya molasesi ya miwa, ikachanganywa na petroli. Molasesi hatukuwa nayo. Ndizi mbivu za Tukuyu zilikuwepo, zile zilizopondeka ambazo wauzaji waliziuza kwa bei ya kutupa giza likiingia.

Gongo ya kawaida haifai, ina maji mengi. Mzee aliirudia kuichemsha mara mbili, usiku, kwa hofu ya mgambo, kisha akawasha kijiko kimoja na kutazama. Yakibaki maji kijikoni, inarudi jikoni. Debe zima la pombe ya ndizi likitoa lita moja na nusu ya spiriti ya kuaminika, tulishangilia. Lita moja na nusu ilitufikisha Uyole. Kurudi ni hesabu nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kabureta. Kilo moja ya petroli huungua na hewa kilo 14 na ushee. Spiriti inataka kilo 9 tu. Kwa hiyo, kwa hewa ile ile, injini lazima inywe zaidi, na tundu la jeti lipanuliwe. Keekee nyembamba kiasi hicho hatukuwa nayo. Mzee alivunja sindano ya cherehani, akainoa kwenye jiwe ikawa na kingo tatu, akaizungusha ndani ya jeti kwa vidole viwili, ameshika pumzi. Jeti ya kwanza aliiharibu. Ya pili ilimchukua Jumamosi nzima.

Injini iliikubali. Ikipata moto ilivuta vizuri, pengine kuliko mwanzo, baada ya kuwahisha moto kidogo kwenye distributa. Taabu ilikuwa asubuhi. Baridi ya Julai ya Mbeya haiachi spiriti itoe mvuke, hivyo tulitunza petroli kwenye chupa ya soda na kumwagia kijiko kwenye koo la kabureta. Kabla ya kupiga stata mzee aliinama mbele ya boneti: "Mugonile." Aliisalimia kwa heshima ya wakubwa, maana ilikuwa na kisirani.

Kisha spiriti ikaosha tangi, kutu ya miaka ikahamia kwenye chujio. Kiwambo cha pampu nacho kikavimba kama chapati. Hayo tuliyaweza. Tusichokiweza ni kuni. Mkewe, tuliyemwita Mama, alikuja gereji siku moja na kuuliza hilo gari linapikiwa mara ngapi kwa siku, kwa sababu watoto wake wanapikiwa mara mbili. Mzee hakumjibu. Wiki ile ile aliziba jeti kwa risasi, akaitoboa upya kwa ajili ya petroli, akarudi kwenye foleni.

Jeti ile ya kwanza, iliyoharibika, ninayo. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona tundu lake si duara, limelalia kushoto.