Maji hayana umoja

Katika sarufi ya Kiswahili, maji hayana umoja: ni wingi tangu mwanzo. Tangi jipya la samaki linathibitisha hayo. Maji ya bomba, hata yakitolewa klorini, bado ni matupu. Yanangoja bakteria: wa kwanza hugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana. Kuwalea huchukua majuma, mara nyingi manne hadi sita. Ndiyo maana nyumbani tunatia chakula kidogo katika tangi lisilo na samaki. Kikioza, amonia inapatikana.

Mdogo wangu ana haraka: “Yaya, maji ni safi!” Safi, ndiyo. Lakini samaki wa Tanganyika huishi katika maji ya alkali, ambamo amonia huzidi ukali. Wakiingia leo, wanaweza kufa ndani ya maji yanayong’aa.