Dola 40 na kompyuta ya michezo

Makobola, wilayani Fizi, Kivu Kusini. Kijana mmoja anayechezesha michezo ya kompyuta kando ya barabara ya Uvira–Baraka alikuwa na dola 40, na minervali ya mdogo wake wa kike ilikuwa bado haijalipwa. Mashine yake imezeeka. PES 2013 ilikuwa inachukua dakika nyingi kufunguka, watoto wanachoka, wanaondoka na pesa zao.

Wateja wakubwa walimwambia: "Kaka, nunua kadi ya picha." Ndiyo inayosifiwa. Lakini kadi inakula umeme: hata ile isiyo na waya wake wa pekee inaweza kuvuta hadi wati 75. Yeye anategemea paneli ya jua na betri moja, na wateja wake huja jioni, jua likiisha. Mashine ingemzimikia katikati ya mechi.

Akaipakia kwenye pikipiki hadi kwa fundi, Uvira. Fundi alifungua sanduku, akapuliza vumbi (na vumbi la barabara yetu si mchezo), akagonga diski ya zamani kwa kidole: ile inayozunguka ndiyo iliyokuwa inachelewesha kila kitu. Akaweka SSD ya gigabaiti 120, iliyokwisha tumika, na kipande cha memori cha DDR3. Dola 28 zote, baada ya kubishana sana.

Picha ni zilezile za jana, ila mchezo unafunguka upesi.

Dola 12 zilizobaki alizipeleka shuleni. Hazikutosha. Mdogo wake ameruhusiwa kusoma hadi Jumatatu.