Upepo wa Iguguno na Jina Lake

Ndugu msomaji, ukitoka Singida mjini kwa barabara kuu iendayo Nzega, safari si ndefu kabla hujafika Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama. Teremka hapo, upumzike kidogo. Utaona maduka pande zote mbili za barabara, magunia ya alizeti, na akina mama wakiuza vitunguu. Kisha tazama nchi yenyewe: ni ya wazi, na upepo ukija haupati wa kuuzuia.

Ukifika mwezi wa Septemba, saa saba mchana, utaona vumbi linainuka uwanjani, linazunguka kama pia, na kupanda juu pamoja na majani makavu. Hicho ndicho kisulisuli; watu wa pwani hukiita chamchela. Watoto hukikimbiza kwa furaha, na akina mama hufunika vyungu. Baada ya dakika chache kimekwisha.

Lakini ukifika mwanzo wa masika utakutana na upepo mwingine. Mawingu meusi hujikusanya alasiri, radi hupiga, na kabla ya tone la kwanza upepo wa baridi huteremka kwa nguvu, huangusha miti na kuezua mabati.

Upepo wa namna hiyo uliezua kanisa la kigango chetu mwaka mmoja. Jioni ile barazani kila mtu alisema, "Hiki ni kimbunga." Mimi ni karani wa parokia, tena nimesomea ualimu, nikachukua kalamu, nikaandika barua ya kuomba msaada: "Tumepigwa na kimbunga." Barua ikarudi na maswali. Ulianza saa ngapi? Ulidumu dakika ngapi? Ulitoka upande gani? Miti ililala upande mmoja au ilisokotwa? Mvua ya mawe ilikuwapo? Hayo yote sikuyaandika, maana nilidhani jina kubwa latosha. Ikabidi nizunguke nyumba kwa nyumba kuuliza upya, na huku mvua ikinyesha juu ya mabenchi. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile nilijifunza kutofautisha. Kisulisuli huzaliwa na ardhi iliyochomwa na jua: hewa ya moto hupanda upesi na kuzunguka. Upepo wa radi huteremka kutoka wingu lenyewe, kwa sababu mvua huipoza hewa, nayo hewa ikipoa huwa nzito na kuporomoka. Kimbunga, kwa maana ya wataalamu, huzaliwa juu ya bahari yenye joto, hukaa siku nyingi, na upana wake ni mamia ya kilomita. Sisi tuko mbali na bahari zaidi ya kilomita 400. Kikitujia, kitakuwa kimekwisha kuwa mawingu na mvua tu.

Tena hawatazami ukali wa dakika moja. Katika bahari yetu hupima wastani wa upepo kwa dakika 10. Ukifika kilomita 63 kwa saa, dhoruba hupewa jina. Ukifika 118, ndipo huitwa kimbunga kamili. Upepo wa radi waweza kuvuma kwa nguvu kama hiyo, lakini kwa muda mfupi na mahali padogo.

Labda utasema, "Jina lina faida gani kwa mtu ambaye bati lake limekwenda?" Faida ipo, maana kila jina lina tendo lake. Kisulisuli, fumba macho. Upepo wa radi, ingiza mbuzi mapema wala usijikinge chini ya mti. Kimbunga, mvuvi asitoke baharini siku kadhaa. Ukikosea jina, umekosea na tendo.

Mwezi wa Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha juu ya kimbunga Jobo. Kikapungua nguvu kabla ya kufika pwani, na hapa barazani watu wakacheka: "Wametudanganya." Mwanzoni mwa Mei 2024 ikatangazwa Hidaya. Mama mmoja wa hapa ana mwana anayevua samaki pwani. Majirani wakamwambia, "Itakuwa kama Jobo." Yeye akampigia mwanawe simu: "Baki nchi kavu, mwanangu." Hidaya ilifika karibu na Mafia, ikaisha nguvu, lakini mvua na upepo wake vilileta hasara Mafia na Kilwa, hata barabara ya Lindi ikakatika. Kijana alikuwa salama. Wala msiseme vimbunga haviji kwetu: Aprili 1872 kimoja kiliharibu Unguja, merikebu na mikarafuu, na Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi.

Je, basi wazee wetu hawajui kitu? La, hasha! Mzee mmoja jirani yangu hutazama wingu la mashariki na kusema, "Ingizeni alizeti," na kwa kawaida hakosei. Amelitazama anga hili tangu utotoni. Lakini jicho lake laona hadi kilima kile. Mtaalamu ana rada, setilaiti na vipimo vya miaka mingi. Aona bahari nzima. Yeye naye hukosea pengine, lakini hurekebisha habari yake kila siku, na sisi barazani huwa hatusahihishi neno.

Basi, msomaji, upepo ukikupiga, andika ulichokiona: siku, saa, upande, muda, na hasara. Jina mwachie mwenye vipimo. Tahadhari ikitangazwa, itii kwanza. Kucheka kutakuja baadaye.

Na siku ukipita Iguguno, karibu sana. Kofia yako ishike vema.