Nakuru si heroe pekee

Je, msomaji, umewahi kuwapeleka watoto Ziwa Nakuru, mkakosa kuona ule ufuo wa waridi unaopamba kalenda? Familia nyingi husafiri kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, zikakuta heroe wachache tu. Watoto hununa, na baba hulalamika kuwa kiingilio kimepotea bure.

Sababu ya upungufu huo iko ndani ya maji. Heroe mdogo hula mwani unaositawi katika maji ya magadi, na ndio unaompa rangi yake. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda. Nakuru lilimeza migunga, barabara na hata lango kuu la zamani. Magadi yalipozimuliwa, mwani ulipungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ndege hufuata riziki.

Hata hivyo, mgeni mmoja akiondoka, mwingine hubisha hodi. Katika miaka ya 1950 na 1960 perege wadogo kutoka Ziwa Magadi walitiwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki hao ndio waliomvuta mwari, yule mwenye mfuko chini ya mdomo. Siku hizi utamwona pia mnandi akianika mabawa juu ya migunga iliyokauka majini, na tai mla samaki akipiga ukelele wake. Bata bukini wa Misri hulisha ukingoni. Kati ya Oktoba na Aprili huja bata kutoka Ulaya na Asia, akiwemo yule mwenye mdomo mpana kama mwiko.

Ukitaka picha nzuri, fika mapema asubuhi, jua likiwa mgongoni pako. Zima injini, ubaki garini. Weka kifuko cha mchele dirishani, uegemeze kamera juu yake isitikisike. Lenga jicho la ndege, na umwachie nafasi mbele ya mdomo. Kisha ngoja, kwani mvumilivu hula mbivu. Usipige honi wala kurusha jiwe ili kundi liruke: ndege aliyefukuzwa hupoteza nguvu na muda wa kula. Wasio na kamera wabebe daftari, waandike umbo la mdomo, rangi ya miguu na namna anavyokula.

Nakuru ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Lakini sifa hizo hazizuii uchafu. Mvua ikinyesha, taka za mjini huteremka hadi ziwani, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia hubaki humo. Kwa hivyo, mzazi, mkimaliza chakula chenu cha mchana, rudini nyumbani na karatasi zenu zote. Mwari hawezi kutofautisha mfuko wa plastiki na samaki.